Kipakizi Hakidanganyi: Makosa ya Maktaba za Pamoja katika Programu za Kununua kwenye Linux

Hotuba kwa mafundi wa kompyuta, Tabora mjini

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliohudhuria, mafundi wenzangu wa Tabora mjini, Nzega, Urambo na Kaliua, pamoja na ndugu zetu mliokesha kwenye treni kutoka Kigoma: mwangaluka, na poleni na safari.

Nimeombwa nizungumzie kosa moja tu, na nimekubali kwa sababu kosa hilo limenilisha kwa miaka mingi. Ofisi za upimaji ardhi, za takwimu, za utafiti wa ziwa na za uhandisi wa maji zinanunua programu kwa fedha nyingi, mara nyingi kwa leseni ya mwaka mmoja, kisha zinaziweka kwenye kompyuta za Linux. Siku programu inapogoma kufunguka, anayepigiwa simu ni wewe. Mwenye ofisi hasemi mengi. Anasema, "Fundi, tumelipa, na haifunguki." Ukifika unafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, unaiita programu kwa jina lake, na kompyuta inakujibu kwa mstari mmoja wenye maneno "error while loading shared libraries", ukifuatiwa na jina la faili fulani, ukimalizikia na "No such file or directory".

Hoja yangu leo ni kwamba mstari huo ni wa kweli, na kwamba karibu kila uharibifu ambao nimeuona ukifanywa na mafundi, nikiwamo mimi mwenyewe, ulitokana na kukimbilia dawa kabla ya kuusoma mpaka mwisho.

Nianze na maktaba yenyewe. Kwenye shughuli za mitaani kwetu, hakuna nyumba inayonunua sufuria la kupikia wali wa watu mia tatu kwa ajili ya harusi moja. Sufuria hizo ni za mtaa, na mwenye shughuli anaziazima, anazitumia na kuzirudisha. Maktaba ya pamoja ni sufuria ya namna hiyo. Kazi ya kufungua picha ya PNG, kazi ya kusimba mawasiliano, kazi ya kuchora dirisha kwenye kioo, zote zimekwisha andikwa na kuwekwa katika mafaili ambayo programu nyingi huyaazima kwa wakati mmoja. Faili tendaji la programu linakuja na orodha ya sufuria inazozihitaji, na orodha hiyo imeandikwa ndani yake tangu siku lilipotengenezwa.

Tazameni jina moja kwa karibu: libpng12.so.0. Namba iliyo baada ya so, pamoja na ile 12 iliyounganishwa na jina, ni tangazo la ahadi. Watengenezaji wa maktaba wakifanya marekebisho yasiyovunja ahadi, jina hilo linabaki. Wakibadilisha mambo kiasi kwamba programu za zamani haziwezi tena kuitumia bila kutengenezwa upya, wanabadilisha jina. Kwa hiyo programu inayoomba libpng12.so.0 haiombi maktaba yoyote ya picha itakayopatikana. Inaomba ile iliyoahidi kufanya kazi kwa namna ile.

Kwa programu huria zinazokuja na mifumo ya Linux kama Ubuntu au Debian, mabadiliko haya hayatuumizi, kwa kuwa kila toleo jipya linapotoka, watunzaji hutengeneza upya programu zinazohusika ili zikubaliane na maktaba zilizopo. Programu ya kununua haimo katika mpango huo. Ilitengenezwa na kampuni, mahali pengine, juu ya toleo la Linux ambalo kampuni ililichagua, mara nyingi la zamani, na msimbo wake hatupewi. Ni mgeni aliyekuja na orodha yake ya mahitaji, na hatuna uwezo wa kuibadilisha orodha hiyo. Tunachoweza ni kumtimizia, na ugumu wa kazi yetu ni kumtimizia bila kuivuruga nyumba nzima.

Anayeisoma orodha hiyo ni programu ndogo ambayo mimi huiita kipakizi. Kwenye kompyuta za biti 64 tunazotumia, inakaa katika njia ya /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Ukiita programu, kiini cha Linux, yaani kernel, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoanzisha programu, kinaangalia ndani ya faili ni kipakizi gani kimetajwa, kinakiamsha, na kipakizi ndicho kinachozunguka kutafuta kila maktaba iliyoorodheshwa. Hapa naomba tusiharakishe, kwa sababu fundi asiyejua kipakizi kinatafuta wapi, na kwa mfuatano gani, anabahatisha.

Kwanza kinaangalia njia iliyochongwa ndani ya faili tendaji kwa mtindo wa zamani, iitwayo RPATH, lakini kinaizingatia tu ikiwa faili halina njia ya mtindo mpya iitwayo RUNPATH. Pili kinaangalia kigeu cha mazingira, yaani maelezo ambayo programu hupewa inapoitwa, kiitwacho LD_LIBRARY_PATH. Tatu kinaangalia hiyo RUNPATH kama ipo. Nne kinafungua daftari lililotayarishwa mapema, /etc/ld.so.cache, ambalo huandikwa na amri ya ldconfig. Mwisho kabisa kinatazama folda za kawaida za mfumo. Kikipata faili lenye jina linalotakiwa na la aina inayolingana na programu, kinalichukua hilo hilo na hakiendelei kutafuta lililo bora zaidi. Sentensi hii ya mwisho iandikeni, maana nitairudia.

Mkiujua mfuatano huo, mengi yanajieleza. Kuna fundi aliyeweka maktaba kwenye /usr/local/lib katika seva ya jamii ya Red Hat, akaiona kwa macho yake kwa amri ya ls, na bado programu ikadai haipo. Ilikuwapo kweli, ila folda hiyo haikuwa imeandikwa katika mpangilio wa ldconfig kwenye mfumo ule, na daftari halikuwa na habari zake. Mstari mmoja katika faili jipya ndani ya /etc/ld.so.conf.d, kisha ldconfig, mambo yakaisha.

Sasa nije kwenye kisa cha kwanza, ambacho kilitokea katika ofisi moja ya hapa mjini. Walikuwa na programu ya kuchora ramani iliyofanya kazi vizuri kwenye Ubuntu 16.04. Kompyuta ikafutwa, ikawekwa Ubuntu 22.04, na programu ikakataa ikidai libpng12.so.0. Sababu ilikuwa wazi: Ubuntu 16.04 ilikuwa bado inakuja na maktaba hiyo, na matoleo makubwa yaliyofuata yaliiacha yakabaki na libpng16. Kijana aliyetangulia kufika alifanya jambo ambalo wengi wetu tumelifanya. Aliona libpng16.so.16 ipo, akatengeneza kiungo chenye jina la libpng12.so.0 kinachoelekea huko, akaiita programu tena. Ujumbe ukabadilika. Sasa ulisema kwamba toleo la PNG12_0 halikupatikana ndani ya libpng12.so.0.

Kijana akaniambia, "Mzee, tatizo limehama." Nikamwambia halijahama, limekaa pale pale, ila sasa linaonekana kwa ukaribu zaidi. Ndani ya maktaba nyingi, kazi zimepigwa muhuri wa toleo. Programu ilikuwa inatafuta kazi zenye muhuri wa PNG12_0, na libpng16 inagonga muhuri wake yenyewe. Kubadilisha jina la nje ni kubandika lebo ya asali kwenye galoni la mafuta ya taa. Mteja akishafungua kifuniko, anajua.

Tulichofanya ni hiki. Tulichukua kifurushi cha libpng12 cha Ubuntu 16.04, hatukukisakinisha, tulikifungua tu kwa amri ya dpkg -x katika folda ya muda, tukatoa lile faili moja, tukaliweka katika folda ya maktaba tuliyoiunda ndani ya folda ya programu yenyewe chini ya /opt. Kisha tukaandika skripti fupi, yaani faili la amri, ya kuifungua programu, ambayo inaweka LD_LIBRARY_PATH kuelekea folda hiyo na kuiita programu papo hapo. Ikafunguka. Programu nyingine zote kwenye kompyuta ile hazikujua kwamba kuna maktaba ya zamani imeingia nyumbani, na ndivyo tulivyotaka.

Nimetaja LD_LIBRARY_PATH, na hapa nina kinyongo ambacho nitawaomba mnivumilie. Kila wiki nakutana na kompyuta ambayo kigeu hiki kimeandikwa katika .bashrc ya mtumiaji, au vibaya zaidi katika /etc/profile, kikielekea folda ya programu fulani ya kununua. Kumbukeni mfuatano niliousema: kigeu hiki kinatangulia daftari la mfumo. Kwa hiyo tangu siku hiyo, kila programu inayofunguliwa katika mazingira hayo, hata kihariri cha maandishi, inapitishwa kwanza kwenye maktaba za zamani za yule mgeni mmoja. Baada ya mwezi mtumiaji analalamika kwamba kivinjari kinazima chenyewe, na hakuna anayekumbuka kwamba chanzo ni mstari ulioandikwa wakati wa kusakinisha programu ya takwimu. Kigeu hiki kikae ndani ya skripti ya programu inayokihitaji, basi. Na mjue pia kwamba mkiita programu kwa sudo, kwa kawaida kigeu hiki kinaachwa mlangoni kwa sababu za usalama, kwa hiyo msishangae programu ikifunguka kwa mtumiaji wa kawaida na kukataa kwa msimamizi.

Kisa cha pili kilinipeleka Kigoma, kwenye ofisi moja isiyo mbali na bandari. Walikuwa na programu ya uhandisi inayohitaji seva ya leseni, yaani programu ndogo inayokaa nyuma na kuhesabu ni watu wangapi wanaitumia kwa wakati mmoja. Seva hiyo ilikuwa haiwaki. Ukiiita, jibu lilikuwa "No such file or directory", bila kutaja maktaba yoyote. Ukifanya ls, faili unaliona, lina ukubwa wake, lina ruhusa ya kutekelezwa. Waliosakinisha walikuwa wameifuta na kuiweka upya mara nne, na kwa mtu anayelipia kifurushi cha intaneti kwa gigabaiti, mara nne ni fedha.

Linganisheni ujumbe huo na ule wa kwanza. Ule wa kwanza uliitaja maktaba inayokosekana. Huu haukuitaja. Tofauti hiyo ndiyo iliyobeba jibu lote, kwa sababu aliyezungumza hapa hakuwa kipakizi. Kipakizi hakikuwa kimeamka hata kidogo. Aliyezungumza ni sheli, na simaanishi kile kituo cha mafuta, namaanisha kile kinachopokea amri zetu, na kilikuwa kinapeleka majibu ya kiini. Kiini kilifungua faili, kikasoma jina la kipakizi kilichotajwa ndani yake, kikakitafuta kipakizi hicho na kukikosa. Kisichokuwapo hakikuwa programu bali kipakizi chake, na ujumbe ule haukuwa na nafasi ya kueleza tofauti hiyo.

Amri ya file, inayoeleza faili ni la aina gani, ilitumalizia wasiwasi. Niliielekeza kwenye lile faili la seva, nayo ikaandika kwamba kipakizi kinachotakiwa ni /lib64/ld-lsb-x86-64.so.3. Jina hilo lilitokana na mpango wa zamani wa kuzisawazisha Linux zote, uitwao LSB, ambao kampuni nyingi za programu ziliufuata. Debian iliuacha mwaka 2015, na kwenye mifumo mingi siku hizi jina hilo halimo. Lakini kipakizi cha LSB kilikuwa ni kile kile cha kawaida kwa jina jingine. Kwa hiyo tulitengeneza kiungo chenye jina hilo kinachoelekea ld-linux-x86-64.so.2, na seva ikawaka kabla chai haijapoa.

Najua mmoja wenu atauliza kwa nini kiungo cha Tabora nilikilaumu na cha Kigoma nikakifanya mwenyewe. Kiungo cha Tabora kilisema kwamba maktaba mbili tofauti ni moja. Cha Kigoma kilisema kwamba kitu kimoja kina majina mawili, na ni kweli kina majina mawili. Kabla ya kuandika ln -s, jiulizeni mnasema lipi kati ya hayo.

Ujumbe huo huo wa kimya unaweza kuwapata pia mkiita programu ya biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 usio na maktaba za biti 32, kwa kuwa kipakizi cha biti 32, /lib/ld-linux.so.2, hakipo. Kwa Ubuntu na Debian dawa ni kuuarifu mfumo kwa dpkg --add-architecture i386, kusasisha orodha ya vifurushi, kisha kusakinisha libc6:i386 na nyingine zinazohitajika. Kumbukeni kwamba biti 32 na biti 64 hazichanganyiki ndani ya programu moja. Sisi wa Tabora tunaelewa jambo hili kuliko wengi, kwa kuwa tunaishi kwenye njia panda ya reli. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na reli ya kisasa ina milimita 1,435. Behewa la moja halipandi kwenye nyingine hata likisukumwa na kijiji kizima. Programu ya biti 64 ikikabidhiwa maktaba ya biti 32 pekee, itawaambia kwamba aina ya faili siyo, kwa maneno "wrong ELF class", na hapo mtafute faili la aina inayofaa, msiguse ruhusa wala viungo.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu ldd, amri ambayo wote mnaitumia. Inaonyesha kila maktaba inayohitajika na mahali ilipopatikana, na isipopatikana inaandika "not found". Ni nzuri, lakini ina mipaka mitatu. Kwanza, kwa faili usiloliamini usiitumie, kwa kuwa katika mazingira fulani inaweza kuliendesha lile faili. Tumia objdump -p au readelf -d, zinazosoma tu. Pili, programu nyingi za kununua hazifunguliwi moja kwa moja, zinafunguliwa na skripti inayoandaa mazingira, na ldd ikiitwa nje ya mazingira hayo itaripoti mapungufu ambayo hayapo. Someni skripti kwanza. Tatu, ldd haioni maktaba zinazoitwa programu ikiwa tayari inaendelea na kazi, yaani vile vipachiko vinavyopakiwa baadaye.

Mfano wa hilo la tatu mnaujua hata kama hamkujua sababu. Programu zilizotengenezwa kwa Qt, zana ya kuundia madirisha ya programu, hukataa zikisema kwamba kipachiko kiitwacho xcb kimepatikana lakini hakikuweza kupakiwa. Ukifanya ldd kwenye programu, kila kitu kipo. Fanya ldd kwenye kipachiko chenyewe, libqxcb.so, ndipo utakapoona kinachokosekana. Tangu Qt 6.5, mara nyingi ni libxcb-cursor, ambayo kwenye Ubuntu iko katika kifurushi cha libxcb-cursor0. Ni kifurushi kidogo sana, na kimewasumbua watu wazima.

Kisa cha tatu ni kile kinachohusu sentensi niliyowaomba muiandike. Mtafiti mmoja alikuwa na programu ya hesabu na michoro kwenye Ubuntu 22.04. Programu ilifunguka, lakini michoro ya pande tatu ilikuwa inakwama, na kwenye terminali kulikuwa na ujumbe kwamba ndani ya libstdc++.so.6, maktaba ya lugha ya C++, toleo la GLIBCXX_3.4.30 halikupatikana, na linatakiwa na maktaba ya libLLVM. Yeye alikuwa amekwisha hakikisha kwamba libstdc++ ya mfumo wake inalo toleo hilo. Alikuwa sahihi. Alikuwa amechoka pia.

Ujumbe wa namna hii una sehemu tatu, na watu husoma ile ya katikati peke yake. Mwanzoni limeandikwa faili lililoulizwa, kwa njia yake kamili. Katikati ni kilichokosekana. Mwishoni ni aliyekiomba. Tukisoma mwanzo, njia haikuwa ya mfumo, ilikuwa ndani ya folda ya programu yenyewe. Kampuni ilikuwa imekuja na libstdc++ yake ya zamani ili isitegemee ya mfumo, jambo la busara kwao. Lakini kadi ya michoro ilihitaji madereva ya mfumo, na madereva hayo yalihitaji libLLVM ya mfumo, na libLLVM ilihitaji libstdc++ mpya. Kipakizi kilikuwa kimekwisha chukua ile ya zamani kwa jina hilo hilo, na kwa kuwa kikishapata hakitafuti tena, wote waliofuata walipewa hiyo hiyo.

Tulithibitisha kwa kigeu cha LD_DEBUG. Ukiandika LD_DEBUG=libs mbele ya amri, kipakizi kinasimulia safari yake nzima, folda kwa folda, na ukiongeza LD_DEBUG_OUTPUT pamoja na jina la faili, simulizi inaandikwa kwenye faili badala ya kukujazia kioo. Humo tuliona mstari ambao kipakizi kiliichukua libstdc++ ya programu. Tukaihamishia faili hiyo kando, tukaongeza neno "zamani" mwishoni mwa jina lake, kipakizi kikaikosa pale, kikaenda kwenye ile ya mfumo, na michoro ikaonekana. Hili linawezekana kwa sababu libstdc++ mpya inatunza ahadi za zile za nyuma yake chini ya jina hilo hilo la so.6. Haiwezekani kwa kila maktaba. Na hatukuifuta ile ya zamani, kwa sababu siku programu ikisasishwa, tutataka kujua tulifanya nini.

Sasa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, programu fulani ilinidai toleo la GLIBC lililo jipya kuliko la seva niliyokuwa nayo. GLIBC ndiyo maktaba mama, ambayo karibu kila kitu kwenye mfumo kinaiegemea. Nilichukua faili lake, libc.so.6, kutoka kwenye kompyuta nyingine iliyo mpya, nikaiweka juu ya ile iliyokuwapo. Mara hiyo hiyo ls ikafa. Nikajaribu cp ili nirudishe, nayo ikafa. Nikajaribu mv, ikafa. Sudo ikafa. Niliishia kubaki na terminali inayoweza kufanya echo tu, katikati ya saa za kazi, huku watu kumi na wawili wakinitazama mgongoni. Tuliiwasha seva kwa flashi yenye Linux nyingine na kulirudisha faili la zamani kutoka kwenye kifurushi chake. Tangu hapo sijawahi kuigusa libc kwa mkono, na nawaomba nanyi msiiguse.

Kanuni ya GLIBC ni rahisi kuikumbuka: programu iliyotengenezwa juu ya GLIBC ya zamani inafanya kazi kwenye mpya, na iliyotengenezwa juu ya mpya haifanyi kazi kwenye ya zamani. Ubuntu 20.04 ina 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, na Red Hat ya 7, 8 na 9 zina 2.17, 2.28 na 2.34. Mkiona programu inadai GLIBC_2.34 na ldd --version inawaambia mko 2.31, hakuna faili la kunakili litakalowaokoa. Ni ama mfumo upande toleo, ama mwiombe kampuni toleo la programu linalofaa mfumo wenu, ama programu iendeshwe ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta, lenye mfumo inaoutaka. Kabla ya ofisi kulipia leseni, someni ukurasa wa kampuni unaotaja mifumo inayoungwa mkono. Dakika kumi za kusoma mapema zinazidi siku mbili za kuhangaika baadaye, na hapa najua wahasibu watakubaliana nami.

Kuhusu majina ya vifurushi nitapita haraka. Jina la faili na jina la kifurushi si kitu kimoja: libGLU.so.1 kwenye Ubuntu iko katika libglu1-mesa, na kwenye Fedora iko katika mesa-libGLU. Msikisie. Apt-file search na dnf provides zitawapa jina halisi. Walio kwenye Ubuntu 24.04 watakuta vifurushi kadhaa vimeongezewa t64 mwishoni, mathalani libasound2 imekuwa libasound2t64, na kisakinishi cha kampuni kinacholitaja jina la zamani kinaweza kukataa ilhali faili lenyewe, libasound.so.2, lipo tayari.

Na maktaba za zamani mnazoziingiza, zichukulieni kama dawa iliyopitwa na tarehe. OpenSSL 1.1.1, maktaba ya kusimba mawasiliano ambayo inatoa libssl.so.1.1 inayodaiwa na programu nyingi kwenye Ubuntu 22.04, iliacha kupokea marekebisho ya usalama kwa umma Septemba 2023. Ikiwa programu haiwezi kuishi bila hiyo, iwekwe katika folda ya programu hiyo au ndani ya kontena, na mwandike katika kitabu cha ofisi ni faili gani mliliweka, wapi, siku gani na kwa nini. Fundi atakayekuja baada yenu hatakuwa na njia nyingine ya kujua.

Ndugu yetu kutoka Urambo ameniletea laptopu yake hapa mezani tangu asubuhi, na programu yake ya vipimo imekataa kufunguka tangu Ijumaa. Naomba ile projekta iunganishwe kwake. Nimeomba file kwanza: ni skripti. Nimeisoma, inaita faili lililo katika folda ya bin, biti 64, na kipakizi chake ni cha kawaida, kwa hiyo suala la Kigoma tumeliondoa. Sasa ldd, ndani ya mazingira ya skripti ile ile. Mnaona maktaba arobaini na kitu, na mbili hazikupatikana: libtinfo.so.5 na libncurses.so.5. Na hii ni Ubuntu 24.04, ambayo haiji tena na hizo mbili. Kuna mkono umeinuliwa kule nyuma. Karibu mama, njoo mbele utuambie wewe ungeziweka wapi.